Kitabu cha Fatu na Kisima cha Babu

Ndugu msomaji, kama bado unasoma kwa kidole, usione haya. Weka kidole chako hapa, twende polepole. Hata mama nitakayekuhadithia habari zake alianza kwa kidole.

Jina lake Mwaija. Alikaa na mumewe Mbaruku katika kitongoji kimoja cha Zinga, upande wa pwani, karibu na mikoko. Walikuwa na mtoto mmoja, Fatu, wa miaka sita. Mama yake Mbaruku, Bi Ashatu, alikaa nao nyumba moja.

Asubuhi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Mbaruku anakwenda shamba la mihogo. Mwaija anachota maji. Bi Ashatu anakaa upenuni, anasuka ukili wa mkeka. Fatu anafukua.

Naam, anafukua. Mtoto yule hakuwa na kazi nyingine duniani. Akipata kijiti, anafukua. Akipata kifuu cha nazi, anafukua. Ua mzima ulikuwa mashimo, ukipita bila kutazama unateguka mguu.

"Bibi, chini ya mchanga kuna nini?"

"Kuna mchanga."

"Na chini ya huo?"

"Kuna mchanga mwingine. Hebu acha, mke mwenzangu, unatuchuria mikosi!"

Fatu akamwendea mama yake. "Mama, chini ya mchanga mwingine kuna nini?"

"Muulize baba yako."

Baba yake alirudi shamba amechoka, jembe begani. Fatu akamuuliza hata kabla hajanawa.

"Chini kabisa?" akasema Mbaruku. "Chini kabisa kuna watoto wanaouliza maswali mengi."

Siku hiyo Fatu hakufukua tena. Aliogopa kuwafikia watoto hao.

Nyumba ile ilikuwa na kitu kimoja cha heshima, nacho ni kisima. Alikichimba marehemu Mzee Mwinshehe, mume wa Bi Ashatu. Hakukichimba kwa ajili ya nyumba yake tu. Alikiweka sadaka, kila mwenye kiu anywe, na thawabu zimfuate kaburini. Visima vingine vya jirani vilikuwa na maji ya kufulia. Hiki peke yake kilikuwa na maji matamu ya kunywa, na kitongoji kizima kilikitegemea. Bi Ashatu kila akisikia ndoo inagonga maji, husema taratibu, "Mungu amrehemu." Kwa siku alisema hivyo mara hamsini na zaidi.

Basi mwaka 1953 mvua za vuli hazikunyesha. Ukaingia mwaka 1954 na jua la kaskazi likawaka. Maji ya kisima yakashuka. Kina mama wakaanza kukaa kwenye foleni, wakingoja maji yajikusanye. Ndoo zikaja nusu, tena na tope. Bi Ashatu akawa anasikia ndoo zinakwangua chini, naye roho inamuuma.

"Mbaruku," alimwambia mwanawe, "kisima cha baba yako kikifa, na mimi mnizike hapo hapo."

"Hakifi, mama. Nitamwita fundi."

Kiache kisima hapo kidogo, msomaji. Nikueleze mimi nimeingiaje.

Mimi naitwa Sihaba. Natoka Bagamoyo mjini. Siku hizo nilifundisha kina mama kusoma. Kila Jumatano nilipanda lori la mbata, nikashuka Zinga, nikakata njia ya miguu mpaka kwenye banda letu la kusomea. Mwaija alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa mzito wa kusema, lakini akishika neno haliachi. Alikuja darasani na Fatu. Sisi tunasoma juu ya benchi, Fatu anafukua chini ya benchi.

Siku moja mtoto alinivuta gauni. "Mwalimu, chini ya mchanga kuna nini?"

Nikafungua mdomo kumwambia anyamaze. Kisha nikaona haya. Mimi kazi yangu ni kufundisha, na huyu anaomba kufundishwa, sasa ninamnyamazisha kwa lipi?

"Nitakuletea jibu," nikamwambia.

Nilikaa wiki mbili nikitengeneza jibu hilo. Nilichukua karatasi za kaki za dukani. Nikazishona kwa sindano ya magunia. Jalada nikalikata kwenye boksi la sabuni. Gundi nikapika ya uji wa muhogo. Nikaandika maneno machache, herufi kubwa, ili mama amsomee mtoto.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kazi. Ukurasa wa kwanza una dirisha la karatasi: ukilifungua, unaona udongo wa juu na mizizi. Ndani yake kuna dirisha jingine, unaona mchanga. Tena jingine, unaona jiwe la matumbawe. Ukurasa wa pili una vifuko vinne vya kitambaa. Vitatu nilitia mchanga, udongo mwekundu na udongo wa mfinyanzi. Cha nne nilikiacha kitupu, na chini yake nimeandika: "Tia udongo wa kwenu." Ukurasa wa tatu unamwambia mtoto amwagie maji kila udongo, atazame upi unayameza na upi unayakataa. Ukurasa wa nne ndio uliokuwa na mambo. Huo tutaufikia.

Siku ya kukitoa nilimpa Mwaija mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Mwaija, hiki ni cha Fatu. Kitunzeni." Sikusema zaidi. Lori lilikuwa linapiga honi.

Mwaija alikipokea kwa mikono miwili. Akakibusu. Akakigusisha kipaji cha uso. Mimi nikafurahi, mjinga mimi! Na mimi nimelelewa Bagamoyo, nimesoma chuo cha Kurani kama wao. Nilipaswa kujua pale pale mambo yatakavyokwenda.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia Mwaija mwenyewe.

Bi Ashatu alipokiona kitabu alisimama. Katika nyumba ile kitabu kilikuwa kimoja tu siku zote, nacho ni msahafu wa marehemu. Unakaa juu, kwenye rafu iliyo karibu na dari, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Haushikwi bila udhu. Hauwekwi chini. Hauwekewi kitu juu yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na hakuna anayebisha.

"Kitabu kimeingia nyumbani kwangu," alisema Bi Ashatu. "Lete kitambaa."

Wakakifunga kitambaa. Wakakipandisha juu, rafu ya chini ya ule msahafu. Usiku wa kuamkia Ijumaa Bi Ashatu akakifukiza udi. Kila Ijumaa baada ya sala Mwaija ananawa, anakishusha, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Fatu anakaa mkekani, mikono nyuma.

"Mama, nifungue dirisha?"

"Tazama kwa macho."

"Dirisha halionekani ndani mpaka lifunguliwe!"

"Fatu, hicho ni kitabu. Hakichezewi."

Mwezi mzima ukapita hivyo.

Jumatano moja nikasema leo nitakwenda nyumbani kwa Mwaija, nikakione kitabu changu. Nilijua nitakikuta kimechakaa. Nilikuwa nimebeba na karatasi za kuzibia.

"Hodi hodi!"

"Karibu, mwalimu, karibu ndani."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watu wa mjini hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Wanakusalimu."

Tukamaliza salamu zote, za watu na za mifugo. Kisha nikasema, "Fatu, nionyeshe kitabu chako."

Mtoto akatazama juu. Mwaija akaenda kunawa. Akapanda kigoda, akakishusha. Kikafunguliwa kitambaa cha kwanza, kikafunguliwa cha pili. Harufu ya udi ikanipiga puani.

Kitabu kilikuwa kipya! Vifuko vilikuwa vimejaa kama nilivyovijaza, na kile kitupu kilikuwa kitupu vile vile. Dirisha la kwanza bado limeshikwa na tone la gundi nililoliweka mimi mwenyewe ili lisifunguke njiani.

Sitaficha, nilikasirika. "Mwaija! Mwezi mzima! Huyu mtoto hajafungua hata dirisha moja?"

Mwaija akainamisha kichwa. Bi Ashatu akajibu badala yake, naye amekasirika kuliko mimi. "Mwalimu, ulisema kitunzwe. Kimetunzwa. Au ulitaka tukifanye kitambaa cha kufutia masufuria?"

Nikawatazama wote watatu. Wao walikuwa wamekipa kitabu changu heshima kubwa kuliko zote walizo nazo, na mimi nawagombeza. Hasira ikanitoka, nikabaki na kucheka.

"Bibi, nisamehe. Kosa ni langu, sikukueleza. Ule msahafu ni maneno ya Mungu. Una haki ya udi na udhu na kukaa juu. Hiki ni karatasi za dukani na uji wa muhogo. Nimekitengeneza jikoni kwangu, paka amelala juu yake."

"Paka?" akasema Bi Ashatu.

"Paka, bibi. Hiki ni chombo cha kazi, kama mwiko wako. Mwiko ukiutundika ukutani mchuzi utakorogwa na nini? Mtoto akikishika kikachafuka, ndio amesoma. Kikichanika, tutakibandika."

Bi Ashatu akakichukua kitabu. Akakigeuza. Akakinusa, nadhani akimtafuta paka. Kisha akacheka, mabega yanatikisika. "Na udi wangu wote ule! Haya, mke mwenzangu, chukua. Lakini ukikila, shauri yako."

Fatu hakungoja neno la pili. Akakaa chini na kitabu mapajani. Akatia kucha kwenye tone la gundi. Dirisha likafunguka. Akafungua la pili. Akafungua la tatu.

"Mama! Kuna jiwe! Chini ya mchanga kuna jiwe!"

Na mimi, msomaji, nilijiona tajiri.

Sasa turudi kisimani. Tangu nilipofika nilikuwa nasikia mlio kule nyuma ya nyumba. Du! Du! Du! Nikamuuliza Mwaija kuna nini.

"Baba Fatu na fundi Rajabu. Wanaongeza kina cha kisima tangu jana. Leo wanataka kuvunja jiwe."

Nikaenda kutazama. Mbaruku alikuwa juu anavuta kamba. Fundi Rajabu alikuwa chini na mtaimbo. Rajabu alikuwa fundi kweli, si wa kubahatisha. Amechimba visima vingi huko Ubena, mbali na pwani. Nilikuta ndoo ya maji imetolewa sasa hivi. Nikachovya kidole, nikaonja.

"Bwana Mbaruku, maji haya yana chumvi kidogo."

"Ni ya pembeni hayo, mwalimu. Yanatoka kwenye jiwe. Tukilipasua jiwe tutakuta matamu. Au siyo, fundi?"

Sauti ya Rajabu ikatoka shimoni. "Ubena niliteremka pima saba! Juu maji ya tope, chini ya jiwe maji kama ya madafu! Kisima ni kwenda chini!"

"Ubena ni bara, fundi," nikasema. "Hapa bahari iko karibu. Nawaomba msiende chini zaidi."

Mbaruku alikuwa mtu wa adabu, lakini alikuwa amechoka, na watu wanamtazama. "Mwalimu, wewe una chaki yako, nasi tuna sururu zetu. Kila mtu na kazi yake. Tukishaswali adhuhuri jiwe linapasuka, na jioni utakunywa maji matamu."

Nikarudi ukumbini, moyo mzito. Nilijua jiwe likipasuka, maji ya chumvi yataingia kwa nguvu. Kisima cha marehemu kitakuwa cha kufulia kama vingine. Lakini nani atamsikiliza mwalimu wa a-e-i-o-u?

Nikamkuta Fatu yuko ukurasa wa nne.

Mkeka wote ulikuwa udongo. Kifuko kitupu kilikuwa kimejazwa mchanga wa uani. Ukurasa wa tatu ulikuwa unachuruzika maji. Mwaija alikuwa ameinama, kidole kwenye maneno, anasoma.

"Chu-kua bi-lauri. Chukua bilauri. Tia ma-ji nusu. Tia chu-mvi vi-jiko vi-tano. Ko-roga. Tia ma-njano ki-dogo u-pate ku-yaona."

"Bilauri!" akasema Fatu.

Bilauri za nyumba ile zilikuwa mbili, za harusi ya Bi Ashatu. Bi Ashatu akanitazama mimi, akamtazama mjukuu. Akaingia chumbani akaitoa moja. "Leo nimeshaingia kwenye wazimu wenu," akasema. Chumvi ikaletwa. Manjano ya mchuzi ikaletwa. Maji ya bilauri yakawa ya njano.

Mwaija akaendelea. "Sasa ma-ji ma-tamu. Ya-mimine po-le-po-le juu ya ki-jiko. Usi-fanye ha-raka."

Fatu akatoa ulimi nje, akamimina. Tone, tone, tone. Maji matamu hayakuzama. Yalikaa juu. Bilauri ikawa na rangi mbili, juu meupe, chini njano, na katikati msitari.

"Subhana Allah," akasema Bi Ashatu.

"Kwa nini hayachanganyiki?" Fatu akauliza.

"Maji ya chumvi ni mazito," nikasema. "Yanakaa chini. Matamu ni mepesi, yanaelea juu yake. Lakini usiyakoroge."

Maneno ya mwisho ya ukurasa yalikuwa haya. Mwaija aliyasoma bila kukwama: "Chukua bua kavu la jani la mpapai. Nyonya juu. Umeonja nini? Shusha bua. Nyonya tena. Umeonja nini?" Nilikuwa nimebandika bua kwenye karatasi kwa uzi. Fatu akalichomoa.

Akanyonya juu. "Matamu."

Akashusha bua mpaka chini. Akanyonya kwa nguvu. Uso ukakunjamana, akatema mkekani. "Chumvi! Chumvi! Chumvi!"

Tukacheka sote. Mbaruku na Rajabu walikuwa wameingia kwa ajili ya udhu, miguu imejaa tope. Wakasimama mlangoni, hawajui tunacheka nini.

Mimi nikataka kusema. Neno lilikuwa limenifika mdomoni kabisa. Nikauma ulimi. Nilimwona Fatu ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama bilauri, halafu anamtazama baba yake aliyelowa.

"Baba," akasema, "bua lenu limefika wapi?"

"Bua gani?"

"La kisimani. Bado liko juu, au limefika kwenye njano?"

Mbaruku akachuchumaa mbele ya mwanawe. Fatu akampa bua. "Nyonya juu, baba. Sasa shusha. Nyonya."

Mbaruku akanyonya. Akaweka bua chini. Hakutema, alimeza ile chumvi yote huku anamtazama mtoto.

"Hebu," akasema Rajabu. Naye akanyonya, juu kwanza, kisha chini. "Lakini Ubena..."

"Fundi, chini ya Ubena hakuna bahari," nikasema. Sasa ulimi nikauachia. "Hapa maji ya bahari yanapenya kwenye mchanga na matumbawe, yanakuja mpaka chini ya miguu yetu. Mvua ikinyesha, maji matamu yanazama na kukaa juu yake, kama bilauri hii. Visima vya hapa vinaishi kwenye tabaka hilo la juu. Mwaka huu mvua ni chache, tabaka limekuwa jembamba. Ukienda chini unalitoboa."

"Kwa hiyo yale maji ya leo..." akasema Mbaruku.

"Ni msitari huo. Mmeshaugusa."

Mbaruku akatoka mbio. Tukamfuata. Pale kisimani palikuwa na ndoo mbili, moja ya jana asubuhi na moja ya leo. Akanywa ya jana. Akanywa ya leo. Akakaa chini kwenye lile tope, mikono kichwani.

"Nimekiharibu," akasema. "Mama, nimeiharibu sadaka ya baba."

Bi Ashatu alikuwa amesimama na fimbo yake. Nilidhani atalia. Hakulia. Aligonga fimbo chini.

"Jiwe limepasuka?"

"Bado, mama."

"Basi hujaharibu. Inuka hapo, unajichafua bure. Mwalimu, sema la kufanya."

Nikasema nilichokijua, na Rajabu akasema alichokijua, maana kazi ya mkono ni yake. Kina kile kilichoongezwa kirudishiwe. Watie udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa ndio unaoyakataa maji. Juu yake watie mchanga safi, mpaka kimo kile kile alichokiacha marehemu. Kisha kisima kipumzike, watu wasikikaushe. Hata ukikaa juu, ukinyonya kwa pupa, ile chumvi inapanda yenyewe. Wakati huo wachimbe kisima cha pili, mbali zaidi na mikoko, penye mwinuko. Kiwe kipana, kisiwe kirefu. Watu wagawane, hawa huku na hawa kule.

"Na udongo wa mfinyanzi ni upi?" akauliza Mbaruku. "Wa bondeni, au ule wa njiani?"

Fatu alikuwa ameshakimbia ndani. Akarudi na kitabu, akafungua ukurasa wa pili kwa mikono yake ya tope. Akamwonyesha baba yake kifuko. "Huu, baba. Unateleza. Ukiumwagia maji, unayakataa. Mimi nimeumwagia."

Mbaruku akausugua udongo kwa vidole viwili. "Wa bondeni huu," akasema. "Twende, fundi."

Walifanya kazi siku nne. Kisima cha pili kilichukua siku sita nyingine. Rajabu alichimba huku anaonja kila ndoo, na Fatu amekaa pembeni anaonja pia, amekuwa kama mkaguzi. Maji yalipofika magotini, matamu, Rajabu alitupa sururu juu mwenyewe. Nilikuwapo siku hiyo. Ni mara yangu ya kwanza kuona fundi wa kisima anashangiliwa kwa kuacha kuchimba.

"Fundi, vipi Ubena?" Mwaija akamtania.

"Shemeji, niache," akasema Rajabu. "Na mimi naomba nije darasani Jumatano."

Kitabu nacho sikuhitaji kukitafuta tena juu. Watoto wa kitongoji kizima walikuwa wanakishika. Jumatano moja nilikibandika dirisha, iliyofuata nilikishona mgongo. Chumvi na manjano vimeingia katika kila ukurasa. Kina mama wengine wakaanza kushona vya kwao, na mwenzao mmoja akatengeneza ukurasa wa makombe ya pwani ambao mimi nisingeuwaza. Bi Ashatu mwenyewe alikata vitambaa vya vifuko. Watoto walipomuuliza swali asilolijua, alisema, "Hata mimi sijui. Leteni maji tujaribu."

Lakini kisima cha zamani bado kilikuwa na chumvi kidogo. Kila baada ya siku tatu Bi Ashatu alionja, akatikisa kichwa, akaondoka. Hakuwa anasema tena "Mungu amrehemu", maana hapakuwa na ndoo. Mbaruku hakuweza kumtazama usoni. Kaskazi ikaisha. Masika ikaanza, ikanyesha kweli, siku kumi na moja mfululizo.

Jumatano ya baada ya mvua nikafika. Nikawakuta wote wako kisimani. Mbaruku ameteremsha ndoo taratibu, haikugusa chini. Akaivuta. Akachota kwa kata, akampa mama yake kwa mikono miwili.

Bi Ashatu akasema Bismillahi, akanywa funda moja. Akanywa la pili. Sote tunamtazama mdomoni.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Haya ndiyo maji ya Mwinshehe."

Mbaruku akageukia ukuta wa nyumba, akalia. Mimi nami nililia, sioni haya kusema.

Bi Ashatu akaijaza kata tena, akampa Fatu. "Kunywa, mwanangu. Wewe ndiye uliyemtunzia babu yako sadaka yake. Na hakukujua, wala hukumjua."

Fatu akanywa yote, maji yakamtiririka kifuani. Kina mama walikuwa wameshaanza kufika na ndoo zao. Mwaija akampokea wa kwanza, akamfungia kamba. Ndoo ikashuka, ikagonga maji, na Bi Ashatu akasema, "Mungu amrehemu."